Hewa Baridi ya Lori la Mama

Jumla ilikuwa shilingi elfu thelathini na saba na mia tano. Elfu thelathini bomba pamoja na chujio lake, elfu tano ufundi, elfu mbili na mia tano klipu na mpira wa kuungia, ambavyo mama aliapa ni vya bure na muuzaji akaapa si vya bure. Nimehesabu mara mbili kabla ya kuandika, na mara ya pili nikakumbuka chai na mandazi ya fundi, mia tatu, basi na hiyo itieni. Safari ya mwani iliyotupita sijaitia, kwa sababu mama mwenyewe alikataa kuitia. Alikuwa akisema pesa ambayo hujaishika bado si yako, usiililie.

Juzi nililipeleka gari langu kwa fundi Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, na alipofungua kifuniko cha ea klina, kile kisanduku cha kuchujia hewa ya injini, ikanipiga harufu ya mpira uliopata moto, vumbi la kifusi na mafuta. Yeye akaanza kunitajia vitu vya kubadilisha, mimi nikawa simsikii. Nilikuwa na miaka minane tena, nimesimama kwenye uwanja wa nyuma ya Darajani, kifua kinanibana, namtazama Fundi Makame kaingiza kichwa chote ndani ya boneti ya lori la mama. Yule wa Mwanakwerekwe alifaidi kughafilika kwangu kwa muda wa dakika tatu hivi. Baadaye tulirudi kwenye bei.

Lori lile aliliacha baba. Alipofariki sijatimiza miaka mitatu, na wanaume waliokuja kutoa pole walimshauri mama aliuze, kwani mwanamke na lori wapi na wapi. Mama akamuuliza mmoja mmoja atalinunua kwa ngapi. Hakuna aliyefika hata nusu ya thamani yake, basi akabaki nalo. Akamchukua Fundi Makame, mtu wa Makunduchi, mwembamba kama ufito, awe dereva na makanika kwa mshahara mmoja, akaingia kwenye kazi ya kubeba mwani. Kinamama wa pwani ya mashariki wanaulima, wanauanika, wanaushindilia maguniani, na lori letu linauleta mjini kwenye ghala la mnunuzi. Mwani ule ndio uliotulisha, ukanishonea sare ya skuli, ukalipa kodi ya vyumba viwili vya ghorofani Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho lori lisingeweza kuingiza hata kioo chake cha pembeni. Kwa hiyo lori lilikuwa likilala uwanjani, sisi tunalala ndani, na asubuhi tunakwenda kuliamkia.

Sote wawili, mimi na lori, tulikuwa na pumu. Yangu ilijulikana. Bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa na masharti yake: usikae dirishani upepo ukianza, usikanyage sakafu bila kandambili, maji ya barafu usiyaguse. "Baridi ndiyo adui yako," akiniambia. "Ikishaingia kifuani inaweka makazi." Nikibanwa alinichua kwa mafuta ya mkaratusi, akanifunga kipande cha flaneli nyekundu kifuani, halafu akaisogeza hirizi yangu, kijifuko cha ngozi nyeusi nilichokivaa shingoni, ikae juu ya flaneli. Akasoma, akanipulizia. Baada ya muda pumzi ilirudi. Mimi sikujua ni kipi katika hivyo kilichofanya kazi, kwa hiyo niliviamini vyote kwa kiwango kimoja.

Ya lori niliigundua mwenyewe. Likiwa tupu lilikwenda vizuri tu. Likishapakiwa lilikoroma, likikuta mwinuko linakohoa moshi mweusi, na Fundi Makame ilibidi alipumzishe kando ya njia, boneti wazi, kama Bibi anavyonikalisha mimi nikiwa nimeinama mbele. Mwezi ule lilichelewa ghalani mara mbili. Wakala wa mnunuzi, kijana mpole aliyekuwa akisema maneno mabaya kwa sauti nzuri, alimwambia mama: "Bi Zuhura, mara ya tatu nitampa kazi mwenye lori jengine. Usinilaumu." Kazi ikienda, vyumba vinakwenda na skuli inakwenda. Hilo hata mimi nililijua, kwani mama alikuwa akipiga hesabu zake kwa sauti.

Siku ya pili Fundi Makame akatoa hukumu, mikono imejaa girisi. "Gari halipumui, Bi Zuhura. Ea klina yake imekaa huku chini, ubavuni mwa injini. Inavuta moto mtupu, na vumbi lote la barabara. Tulitilie bomba la nje, livute hewa baridi."

"Hewa baridi itasaidia nini?"

"Itasaidia! Likipata hewa baridi utaona litakavyokwenda."

Niliganda. Nilimtazama mama nikingoja amkemee. Mtu ana pumu, anakoroma, anakohoa, halafu mzima mwenye akili zake anataka kumtilia baridi kifuani kwa bomba!

"Mama, litakufa," nikasema.

"Litakufa likikosa bomba. Vaa kandambili zako, twende Mlandege."

Bwana Seif, mwenye duka la Mlandege, alikuwa Mwarabu wa mjini. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na yeye alikuwa na rafu tatu za vipuri kutoka Dubai. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaniitikia "Marahaba, mwanangu," akamkaribisha mama, akamuuliza leo anatafuta nini.

"Sitafuti kitu. Napita tu. Hizi taa za nyuma bei gani?"

Hatukuhitaji taa za nyuma. Mama alikuwa haulizi bei ya kitu anachokitaka mpaka ashajua muuzaji kaamkaje siku hiyo. Fundi Makame alikuwa kaonywa njiani asiyatazame mabomba, basi alikuwa akilitazama dari, kwa bidii kubwa mno, mpaka Bwana Seif naye akatazama juu kujua kuna nini.

Mabomba yenyewe yalikuwa matatu. Moja la mpira wenye mikunjo, ambalo mama alilibinya mara moja akaliacha. La pili la chuma, linang'aa kama sufuria ya harusi, na chujio lake limekaa wazi mwishoni. La tatu la plastiki ngumu nyeusi, limeungana na kisanduku chake cha chujio, halina haiba yoyote.

"Chukua hili la kung'aa," akasema Bwana Seif. "Elfu hamsini. Ndilo la kisasa. Muskat kila gari linalo."

"Na barabara za Muskat unaziuza ngapi?"

Bwana Seif akacheka. Fundi Makame akaona ameruhusiwa kuliacha dari. "Chuma kinashika moto, Bi Zuhura. Na chujio lake liko wazi. Likikaa ndani ya boneti litavuta joto lile lile. Bora hilo jeusi. Chujio limo sandukuni, halipati joto, na mdomo wake nitautoa nje, juu ya madigadi, mbali na vumbi."

Mama alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukata bomba lile vipande viwili. Fundi alikuwa amesema "bora" mbele ya muuzaji.

"Jeusi arubaini na tano," akasema Bwana Seif hapo hapo.

"Ishirini."

"Bi Zuhura, kwa ishirini nakupa mdomo wake tu."

"Nipe huo mdomo. Bomba lake nitalifuata mwezi ujao."

Tulitoka dukani mara mbili. Mara ya kwanza tuliitwa tulipofika duka la vitambaa. Mara ya pili tulipita duka la vitambaa, tukapita na muuza kahawa, mpaka moyo ukanidunda kwa furaha kwamba safari hii tunaondoka kweli na lori limesalimika. Ndipo kijana wa dukani akatukimbilia. Elfu thelathini. Mama akahesabu noti mara mbili, akampa Bwana Seif ahesabu, kisha akazitaka tena ahesabu mara ya mwisho, kwa kuaga.

Kazi ya kulifunga ilichukua siku nzima. Fundi Makame hakuwa na futi. Alipima kwa kipande cha ile kamba ya kufungia mwani, akipiga fundo kila alipotaka kukumbuka. Alitoboa madigadi, lile bati la juu ya tairi, kwa patasi na nyundo, kila pigo mama akikunja uso kana kwamba anatobolewa yeye. Kingo za tundu alizivisha mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani, ili bomba lisisagike. Ea klina ya zamani ilipotoka, alimimina chini vumbi lililomo, likawa chungu kizima, jekundu. Mimi nililiona nikasema moyoni: hilo ndilo lililokuwa flaneli yake.

Lilipowashwa, hata mimi nilisikia tofauti. Fundi Makame akanibeba, akaniwekea kiganja kwenye mdomo wa bomba. "Sikia linavyovuta! Baridi tupu."

Upepo ulinipita kati ya vidole ukaingia ndani. Nilihisi kifua changu chenyewe kinabana. Wao wawili wanacheka, na lori linavuta baridi, linavuta, halina mtu wa kulitetea.

Ilipoadhiniwa alasiri, Fundi alikwenda msikitini na mama akaenda kutafuta chenji ya kumlipa. Nikapanda juu ya tairi. Niliivua flaneli yangu, nikaivua na hirizi, nikaifunga ndani ya flaneli kama Bibi anavyofunga, nikamiminia mafuta ya mkaratusi yaliyokuwa mkobani mwangu, kichupa kizima. Nikakitia kifurushi mdomoni mwa bomba, nikakisukuma kwa mpini wa fagio mpaka kikapotea ndani. Nikasoma Kulhuwallahu mara tatu, nikalipulizia. Nilipoteremka nilikuwa mwepesi sana. Msiniulize nilitarajia mimi nitapumua na nini. Hesabu hiyo sikuipiga.

Kesho yake kwenda Makunduchi lilikwenda, kwa kuwa lilikuwa tupu. Kurudi, na magunia sitini mgongoni, lilipofika karibu na Kitogani likakoroma, likafuka moshi kama tanuri la chokaa, likazima. Mvua nayo ikanyesha. Mwani mkavu ukishalowa ni kazi ya kuanika upya, na wakala hakusubiri. Alipeleka lori la buluu la jirani yetu wa uwanjani, likahamisha mzigo. Alimtumia mama salamu moja: mpaka Jumamosi. Likiwa halikusimama sawa mpaka Jumamosi, basi.

Mama hakuvaa hata buibui vizuri. Tulifika Mlandege saa ambazo watu wamejaa, akasimama nje, hakuingia. "Seif! Toka! Njoo uwaambie watu umeniuzia nini!"

"Kuna nini, Bi Zuhura?"

"Bomba bovu! Umemtazama mjane na yatima wake ukaona hapa ndipo pa kutupia uchafu wako wa Dubai!"

Watu wakakusanyika. Bwana Seif alijaribu kusema bomba halina mashine ndani, litaharibika vipi, lakini mama alikuwa na sauti iliyozoea kumwita dereva kutoka ng'ambo ya uwanja. Mwisho yule mzee, kwa kutaka kuinusuru heshima ya duka, akahesabu elfu kumi na tano akampa. Mama akazihesabu mara mbili.

Ijumaa asubuhi lori lilishavutwa mpaka uwanjani. Madereva watano sita walikuwa wamezunguka, akiwamo mwenye lori la buluu. Fundi Makame akalegeza klipu, akachungulia. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Kilichotoka kilikuwa kitambaa chekundu kilichogeuka cheusi, kimenyonywa mpaka kimebana kama kizibo, kinanuka mkaratusi. Akakifungua. Alipoona kilichomo alikiweka juu ya boneti haraka, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kukigusa tena.

"Hirizi," akasema. "Yakhe, tumetiliwa hirizi."

Kisha nikaona macho yanahama, moja baada ya jengine, yanakwenda kwa mwenye lori la buluu. Ndiye aliyeupata mzigo wetu. Yule bwana akarudi nyuma hatua moja.

"Nshajua ni nani," akasema Fundi Makame, na sauti yake sikuwahi kuisikia vile. "Mtu anachukua riziki ya mayatima kwa uchawi, halafu anakuja kusimama hapa anatazama?"

"Mimi? Wallahi mimi sijui kitu!"

"Utajua leo!"

Spana ilikuwa mkononi mwake. Nilitaka kusema. Pumzi haikutoka; ilitoka filimbi tu kutoka kifuani, na mama akanigeukia. Alinitazama shingo, ambako hapakuwa na kitu. Akaitazama flaneli. Flaneli ile aliikata yeye mwenyewe, kwenye gauni lake la zamani, na Bibi akaipinda kingo kwa uzi mweupe. Sidhani ilimchukua muda wa kuhesabu mpaka tatu.

"Makame, iweke spana chini," akasema. "Ni yangu. Nimeitia mimi."

"Wewe, Bi Zuhura?"

"Mimi. Niliogopa hasadi. Kitu kipya, watu wanakiangalia. Nikasema nilikinge."

Mama aliyekuwa akiapa kwa ajili ya klipu, siku ile hakuapa. Alisema tu, na kwa kuwa alikuwa Bi Zuhura, wakaamini. Kwanza mmoja akaguna, halafu uwanja ukaangua kicheko. Mwenye lori la buluu ndiye aliyecheka kupita wote, kwa jinsi alivyopona. "Hirizi ndani ya ea klina! Bi Zuhura, na tangi la mafuta umelitilia kombe la dua?"

"Bado," akasema mama. "Nimekuachia wewe."

Fundi alilifunga bomba, akaliwasha lori. Lilivuma sauti moja iliyonyooka, bila ya kikohozi, na Jumamosi lilibeba magunia sitini kutoka Makunduchi halikusimama hata mara moja. Kazi ikabaki kwetu.

Lakini siku ile ile ya Ijumaa, kabla ya sala, mama alinishika mkono tukaenda Mlandege. Alingoja. Bwana Seif alimwita aingie ndani, akakataa. Alingoja nje mpaka watu wakawa wengi kama juzi yake, akatoa zile elfu kumi na tano.

"Seif, nilikutukana mbele ya watu, nakutaka radhi mbele ya watu. Bomba lako zima. Mimi ndiye niliyetia hirizi ndani yake. Hesabu pesa zako."

Bwana Seif hakuzihesabu. Alimtazama, akatazama watu, mdomo ukamcheza. "Hirizi, Bi Zuhura? Ndani ya bomba?"

"Ndani ya bomba."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya duka, na Mlandege yote ikacheka naye. Kabla hatujafika kona, kijana mmoja alishaita, "Bi Hirizi!" Mama hakugeuka kwa hasira. Aligeuka kama anayeitwa jina lake, akaitika, "Naam?" Na jina likawa lake kuanzia pale. Miaka yote iliyofuata, mwanamke mwenye akili kuliko wafanyabiashara wote ninaowajua, aliyeweza kukuambia uzito wa gunia kwa kulipiga teke, mtaani aliitwa Bi Hirizi. Watu walimwuliza kama na mizani anaitilia.

Nilingoja fimbo. Tulipofika vichochoroni, palipopoa, alikaa barazani kwa watu, akanikalisha karibu yake.

"Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Baridi, kifua, Bibi, flaneli. Nilikuwa nikilia na kupiga filimbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ilichukua muda. Hakucheka. Alisema injini ni moto, na moto unakula hewa, na hewa baridi kwake ni chakula kizuri. Kifua changu si moto, kina mambo yake. Halafu akauweka mkono wake kifuani kwangu, akasikiliza kwa kiganja namna Fundi Makame anavyoisikiliza injini.

"Lori nimelipeleka kwa fundi," akasema, kama anayejisemea. "Wewe nimekuacha."

Pesa za safari ya Jumamosi hazikufika nyumbani. Zilikwenda kwa daktari, Jumatatu, na nikarudi na dawa ya kuvuta, kichupa kidogo unachokibonyeza mdomoni. Bibi alinuna siku tatu, akashona hirizi mpya, na mama akaniambia nivitumie vyote viwili, ugomvi wa nini. Toka siku ile sikulala tena nimekaa. Kwa kichupa kile nashukuru. Kwa fimbo ambayo sikuipata nashukuru. Kwa maneno yale mawili, "ni yangu", sijapata namna ya kushukuru, kwa sababu alinikataza. Kila nilipotaka kuwaambia watu ukweli alinikata: "Mtoto wa kike akiitwa mchawi akiwa na miaka minane, atakuwa nalo jina hilo mpaka azeeke. Mimi nshazeeka."

Ameshafariki, Mungu amrehemu. Na juzi, baada ya yule fundi wa Mwanakwerekwe kunitajia vitu vyake, nilikwenda Mlandege kuvinunua. Bwana Seif bado yupo. Duka analiendesha mwanawe, yeye kakaa kitini, macho hayaoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua. "Huyu mtoto wa Bi Hirizi!" akawaambia wateja, akawahadithia kisa chote, na bomba, na mayowe, na mama alivyosimama pale nje. Wakacheka sana. Akanipunguzia elfu tano kwa ajili ya jina hilo, na mimi, aibu naiona mwenyewe kuiandika, nilizipokea.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Nikisema, mama anaacha kuwa mjinga na anakuwa mwongo, tena mwongo wa hadharani. Nisiposema, watu wataendelea kumcheka kwa kosa langu, na yeye hayupo wa kuitika. Nimelipima jambo hili mara mbili, na kila mara linaniletea jibu tofauti. Kwa hiyo nakuombeni shauri, nyinyi wenzangu wa rika langu, hasa mliolelewa na mama wa namna hii: nirudi kwa Bwana Seif nikamwambie kweli kabla na yeye hajaondoka, au nimwachie mama jina hilo, kitu alichokinunua mwenyewe, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na hakuomba apunguziwe?